Mchuzi Uliotolewa Nyama

Shangazi alianza kabla gari halijatoka hata nje ya mji.

"Sasa," alisema kutoka kiti cha nyuma, amekumbatia mkoba wake mapajani kama mtu aliyeatamia mayai, "huko tunakokwenda ukoo mzima unatungoja na masufuria. Watu wamechinja. Halafu bibi harusi mwenyewe atakaa pale katikati atafune majani."

"Si majani, Shangazi," Fundi akajibu, kwa upole ambao alikuwa ameuazima kwa ajili ya safari hii tu. "Maharage, wali, viazi, mboga. Ni chakula kama chakula."

"Mbuzi naye ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo."

Sauti, aliyekuwa ameshika usukani, alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri mno, kizito, chenye kushuka taratibu, na ndicho kilichompa jina. Kila asubuhi alizungumza redioni, na wanawake waliokuwa wakichemsha chai waliacha chai ikafurika. Fundi, bibi harusi mwenyewe, aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo tangu alipoanza kutengeneza majokofu na mashine za kupozea hewa. Harusi yao ilikuwa imebakiza wiki tatu. Siku hiyo Sauti alikuwa akimpeleka kwao kwa mara ya kwanza, mwendo wa siku mbili barabarani, na Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake Sauti, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amejialika kuwasindikiza.

"Mwache mpenzi wangu, Shangazi," Sauti alisema. "Kula yake najua kuitafuta mimi."

Akamgeukia Fundi, akamtupia jicho lile la pembeni, na moyo wa Fundi ukalainika kama kawaida yake. Mpumbavu ule moyo.

Miaka kumi na tisa Fundi hakuwa ametia kinywani nyama, wala samaki, wala mchuzi wa kitu chochote kilichowahi kuwa na macho. Sababu alikuwa nayo, lakini haikuwa ya kuuza. Kazi ilimtembeza mji hadi mji, leo jokofu la dawa katika zahanati, kesho friza la bucha, na kote huko alikutana na watu waliotaka aitoe sababu hiyo mezani ndipo wampe chakula. Aliwadharau wote kwa moyo mkunjufu. Alimdharau mhudumu aliyemwambia, "Nyama hatuna leo, lakini kuna kuku." Alimdharau yule aliyeapa kwamba samaki ni aina ya mboga, kwani si anatoka majini? Alimdharau hasa yule mwenye hoteli aliyeuliza anaumwa nini, alipoambiwa haumwi akasema, "Basi ni maringo," na kumletea wali mtupu wenye jani moja juu, kama kaburi lililopandwa mche.

Kwa hiyo alikuwa amejifunza. Akifika mji mgeni hakukaa mezani. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akamwamkia mpishi kwa heshima zote, akaomba kufunuliwa sufuria. Mafuta gani? Mwiko huu umetoka sufuria gani? Akikosa jibu, alinunua mkate na parachichi, akala amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, na dunia ikaendelea kuzunguka.

Hivyo ndivyo Sauti alivyomkuta. Fundi alikuwa amekwenda kutengeneza mashine ya kupozea hewa katika studio, akawa anakula mkate mkavu ngazini, maana kantini nzima ilinuka nyama. Sauti akapita, akauliza, akasikia, akatoka. Baada ya saa nzima alirudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Nimezunguka mji mzima," alisema. "Maharage. Hayajaguswa na chochote."

Kwa miaka kumi na saba hakuna mtu aliyekuwa amemzungukia Fundi hata kona moja. Alikula akiwa ameinamisha kichwa ili macho yake yasionekane. Tangu siku hiyo, kila walikokwenda pamoja, Sauti alisema, "Wewe kaa, mpenzi. Mimi ndiye wa kusimama jikoni." Naye Fundi alikaa. Katika maisha yake yote, hilo ndilo jambo pekee alilomwachia mtu mwingine amfanyie.

Saa saba mchana walisimama kwenye hoteli ya kando ya barabara. Meza zilivikwa plastiki yenye maua, na kwenye beseni la kunawia palikuwa na kipande cha sabuni chembamba kama ukucha. Sauti hakuwa amemaliza kusema "Habari za mchana" kabla mhudumu, msichana mwenye kalamu sikioni, hajapiga ukelele.

"Ni wewe! Wa asubuhi!"

"Ni mimi," Sauti alikubali, akishusha sauti kidogo ili iwe nzuri zaidi.

"Mimi wali na nyama," Shangazi alisema. "Nyama yenye mafuta. Huyu mkatie ukoka huko nje."

"Kaa, mpenzi," Sauti akasema, na kumbonyeza Fundi bega. Akaingia mlango wa jikoni.

Fundi alikaa. Lakini pale pembeni palikuwa na jokofu la soda lililokuwa likikoroma, likizima, likiwaka tena, likizima, na sikio la fundi ni kama sikio la mama mwenye kichanga, halijui kupumzika.

"Linatusumbua hilo," mhudumu alisema. "Soda zinatoka za moto."

"Limechomekwa wapi?"

"Huko nyuma, ukutani mwa jiko."

Fundi akainuka, akaufuata waya, akatokea kwenye ujia mwembamba uliojaa makreti. Soketi ilikuwa imelegea, ikining'inia kwa msumari mmoja. Alikuwa ameinama kuitazama, na juu ya kichwa chake palikuwa na dirisha la jikoni, lililofungwa kwa wavu tu. Ndipo aliposikia sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Nyama toa. Mchuzi acha."

"Kaka, si umesema mtu mwenyewe hali nyama?" Alikuwa mwanamke, mpishi bila shaka.

"Hali. Ndiyo maana nakwambia uitoe."

"Mchuzi huu umechemka na mifupa tangu asubuhi."

"Sawa, umwagie kwenye maharage. Ila chuja vizuri kusiwe na nyuzinyuzi. Akiona uzi ataanza maswali."

"Mbona haya maharage sijayaunga? Nipe dakika ishirini, nikate kitunguu, nimuungie yake peke yake."

"Dakika ishirini! Dada yangu, nina shangazi mle ndani, akikaa na njaa dakika ishirini atatula sisi. Wewe weka. Huyu hajui tofauti. Miaka miwili namlisha hivi, na kila siku ananiambia ninayomletea mimi ndiyo yenye ladha."

Akacheka. Kile kicheko chake kizuri, kizito, chenye kushuka taratibu.

Fundi alibaki ameinama. Alitazama msumari, akatazama vumbi juu ya makreti. Kisha ikaja ile dharau aliyokuwa akiitumia kwa wahudumu na wenye hoteli. Mara hii ilikuja nzima, na ilikuwa na uso wa mtu aliyempenda.

Alirudi mezani, akaketi.

"Umeona jini?" Shangazi aliuliza.

"Nimemsikia."

Shangazi akamtazama, akabetua mdomo, akaendelea kungoja nyama yake.

Sauti alitoka jikoni amebeba sahani mwenyewe, mhudumu nyuma yake na sahani ya Shangazi. Aliiweka mbele ya Fundi kama mtu anayeweka zawadi. Maharage yaling'aa. Yalinukia vizuri, na kunukia huko ndiko kulikomuuma zaidi.

"Haya, malkia. Nimesimama mwenyewe hadi mwisho. Nimewaambia, tone moja la mchuzi wa nyama likiingia humu, mtanijua mimi ni nani."

Fundi hakugusa kijiko. "Hakuna mchuzi wa nyama humu?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Mpenzi, vipi leo?"

"Niangalie uniambie."

Sauti akamwangalia. Alikuwa na macho mazuri, yenye kope ndefu ambazo dada zake, kwa maneno yake, walizililia tangu utotoni. Fundi aliyatazama akiomba, kweli akiomba moyoni, kwamba yatikisike walau kidogo. Yangetikisika, labda angekuwa na kitu cha kushika. Hayakutikisika. Yalijaa mapenzi tele.

"Haki ya Mungu," Sauti alisema polepole. "Nikulishe nyama, mimi?"

"Chuja vizuri," Fundi akasema, "kusiwe na nyuzinyuzi."

Kijiko cha Shangazi kilisimama njiani. Sauti aligeuka kutazama mlango wa jikoni.

"Ulikuwa unanichungulia?" alisema.

"Nilikuwa natazama soketi. Miaka miwili?"

"Hebu tusifanye hivi mbele za watu." Alitazama huku na huku. Mhudumu alikuwa akipangusa meza iliyokuwa safi. "Ni mchuzi tu, mpenzi. Nyama yenyewe hujaila. Nimekuwa nikiitoa kwa mikono yangu."

"Ahsante kwa mikono yako."

"Na ulikuwa unakonda! Nilikuonea huruma. Angalia ulivyonawiri. Umekula miaka miwili, umekufa?"

"Ungenichanganyia mkojo pia nisingekufa."

"Ah! Maneno gani hayo?"

"Ni ya mtu anayejua anachokula. Nayajaribu leo, nilikuwa nimeyasahau."

Sauti akaegemea nyuma. Uso wake ukabadilika, na Fundi akauona ukibadilika. Ulikuwa kama chumba kinachowashwa taa, ukaona kumbe vitu vilikuwapo siku zote.

"Unajua taabu ya kusafiri na wewe?" alisema, na sauti yake haikuwa tena ya redioni. "Kila mji, kila hoteli! Mwanamume mzima, watu wananijua, nasimama jikoni kuuliza mafuta ya nini, mwiko wa nani! Wapishi wananicheka. Nyama ipo, mchuzi upo, kila mtu anakula anashukuru, ila wewe. Wewe ni nani?"

"Ungeniacha nikaulize mwenyewe. Nilikuomba unisaidie? Kabla yako niliuliza miaka kumi na saba, sikufa kwa aibu."

"Nilitaka nikutunze."

"Ulitaka nikuone unanitunza. Kunitunza kwenyewe kulikuwa kunataka dakika ishirini na kitunguu." Alisukuma sahani hadi katikati ya meza. Jambo moja lilikuwa limebaki, na aliogopa kuliuliza, akaliuliza. "Na ile ya kwanza? Ile ya studio?"

Sauti alitazama maua yaliyochorwa kwenye plastiki ya meza.

"Nijibu."

"Ilitoka kantini," alisema. "Ghorofa ya chini."

"Ulisema umezunguka mji mzima."

"Nilizunguka jengo." Alijaribu kutabasamu.

"Na jasho?"

"Lifti ilikuwa mbovu."

Hakuna aliyecheka. Fundi alihisi machozi yakimchoma nyuma ya macho, akayakataza. Aliyaambia yangoje, hapa si mahali pake. Alimtazama mtu aliyekuwa awe mumewe baada ya wiki tatu, akaona mdomo mzuri, shati lililopigwa pasi vizuri, na mtu mdogo sana ndani yake.

"Umempa mchuzi wa mifupa?" Shangazi aliuliza ghafla.

"Shangazi, wewe nawe! Si wewe uliyesema akilishwa kidogo kidogo atazoea?"

"Nilisema. Nilisema mbele yake, kwenye sherehe ya posa, watu wote wakasikia." Shangazi aliweka kijiko chini. "Mimi huyu simpendi. Nimemwambia asubuhi, nikarudia kule tulipojaza mafuta. Lakini sijamwekea mtu kitu sahanini akiwa amegeuka. Mtu akila kwa mkono wako huwa amekukabidhi roho yake. Nilikulea mimi, na hayo sikukufundisha."

"Kwa hiyo sasa uko upande wake?"

"Nani? Mimi?" Shangazi akamgeukia Fundi kwa ukali. "Wewe usinitazame hivyo. Mke wa kufunua sufuria za watu simtaki ukooni, na hii harusi ikifa leo nitalala usingizi. Nasema tu ukweli ulivyo."

"Nakushukuru, Shangazi," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza upole wake haukuwa wa kuazima. "Wewe sikuwahi kukusingizia mema."

Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa buti."

"Kaa kwanza."

"Sanduku langu la vifaa limo. Ufunguo."

Alipotoka, jua lilikuwa kali. Alishusha sanduku na begi, akarudi akaviweka kando ya mlango wa jikoni, akapita ujiani akaugongomea msumari wa ile soketi, maana mikono yake ilihitaji kazi. Jokofu likaacha kukoroma. Mpishi alitokea, mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na kisu cha vitunguu mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hayo yalikuwa ya vitunguu.

"Dada, nisamehe. Niliweka nilivyoambiwa."

"Uliambiwa na bingwa."

"Haya mengine nimeunga. Kitunguu, nyanya, mafuta ya alizeti. Njoo ufunue sufuria mwenyewe."

Fundi alikwenda, akafunua, akanusa, akachungulia hadi chini. Akala akiwa amesimama karibu na jiko. Kijiko cha kwanza kilimshtua. Maharage yalikuwa chapwa, mepesi, kama yamepikwa na mtu aliyesahau kitu. Alikula cha pili, kikawa hivyo hivyo. Ndipo alipoelewa kwamba hayakupungukiwa na kitu. Hiyo ndiyo ladha ya maharage, ile aliyoijua tangu utoto, na Sauti alikuwa amempokonya bila yeye kujua, akamfundisha kupenda asichokitaka. Hapo machozi hayakuuliza ruhusa tena.

"Yamepungua chumvi?" mpishi aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana, mama. Yako sawa. Mimi ndiye nisiye sawa."

Alimaliza sahani yote.

Basi la kurudi mjini lingepita saa tisa. Fundi alisimama kivulini mwa ukuta, begi begani. Gari la Sauti lilikuwa bado pale, Shangazi ndani yake, mlango wazi, anajipepea kwa kadi ya mwaliko wa harusi. Sauti mwenyewe alikuwa ametoweka kuelekea kwenye vibanda. Aliporudi alikuwa amebeba chane nzima ya ndizi mbivu. Alitembea polepole, kama mtu anayekaribia mbwa asiyemjua.

"Hizi," alisema, "nimezinunua. Zina maganda yake. Hakuna aliyezigusa, hata mimi."

Aliziinua mbele yake kwa mikono miwili. Hakuitumia sauti yake ya redioni. Jasho lilikuwa limemtoka kweli, na safari hii hapakuwa na lifti. Upepo ulimletea Fundi harufu yake, sabuni na joto la shati, na mwili wake, usio na akili, ukataka kusogea hatua moja. Wiki tatu. Gauni lilikuwa tayari limening'inizwa kabatini kwa mama yake. Ingekuwa rahisi. Amenye moja, ale, aingie garini.

"Nilikosea," Sauti alisema. "Nitauliza kila jikoni. Mbele yako. Nitafunua kila sufuria."

"Najua utafunua."

"Basi chukua."

Fundi alizitazama ndizi. Zilikuwa nzuri, za manjano safi, bila doa.

"Shida yako sasa," alisema, "ni kwamba hata ndizi ukinipa, nitaimenya nikitafuta nyama ndani yake."

Sauti akashusha mikono. Alielewa. Alikuwa mwongo, lakini hakuwa mjinga. Basi lilionekana mbali, likitimua vumbi kando ya lami.

"Ukoo unangoja," alisema kwa sauti ya chini. "Wamechinja. Nitawaambia nini?"

"Wewe ndiye mtangazaji."

"Na wewe utasafiri hivi mpaka lini? Hoteli kwa hoteli, peke yako, ukinusa masufuria?"

"Mpaka nifike."

"Lete hapa hizo ndizi!" Shangazi alipaza sauti kutoka garini. "Nyama yenyewe mmenikatiza katikati!"

Fundi karibu acheke. Basi liliposimama aliinua sanduku lake mwenyewe, akamkataza Sauti kulishika, akampa konda alitie kwenye buti. Akapata kiti cha dirishani. Kutoka pale alimwona Shangazi akimenya ndizi ya kwanza bila haraka, na Sauti amesimama juani, mikono mitupu, uso ukielekea kwenye dirisha lake, midomo ikisema jina lake ambalo kwa sababu ya kioo halikusikika.

Alimdharau kwa moyo wake wote. Na alimpenda bado, kiasi kwamba kifua kilimuuma kama kimepigwa. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, na basi likaondoka.